Chumba cha nyuma ya duka: kisa cha upimaji wa radoni kwenye nyumba ya mlimani Mwanza

Kilichofichwa

Nyumba hii ipo Mwanza mjini, kwenye mmojawapo wa milima ya mawe inayotazama ziwa. Mtaa siutaji, wala mwaka. Mwenye nyumba namwita Mama N., na hiyo N haimo kwenye jina lake. Nimebadilisha pia vitu viwili vitatu vya kifamilia ambavyo havigusi vipimo. Mama aliridhia kisa kiandikwe kwa sharti moja tu, nisiandike popote kwamba nyumba yake ina sumu. "Andika jiwe lilikuwa linapumua, tukaliwekea bomba." Haya, nimeandika.

Mimi ni mhandisi wa majengo, niliyeitwa kwa ajili ya radoni, gesi ya mionzi inayotoka kwenye jiwe. Si mtaalamu wa mionzi, na robo ya kisa hiki imetokana na mimi kulisahau hilo kwa muda wa wiki tatu hivi.

Nyumba yenyewe

Anayeijua Mwanza anajua tunavyojenga. Kiwanja ni mteremko, na mteremko ni jiwe. Watu huliwashia moto wa matairi, likishapata joto wanalipasua kwa nyundo, mpaka ipatikane sehemu ya kutosha chumba. Jiwe linalobaki linageuka ukuta. Mama N. na marehemu mumewe walijenga hivyo miaka ya tisini. Chini, usawa wa barabara, kuna duka. Nyuma ya duka kuna chumba cha kulala cha mita tatu na nusu kwa nne, na ukuta wake wa nyuma ni graniti tupu iliyopakwa chokaa. Juu kuna vyumba vinne, viwili vina wapangaji, na kuvifikia unapanda ngazi ishirini na sita za mawe zilizo nje.

Mama amefika miaka sabini na magoti yameshakataa ngazi. Analala chini, nyuma ya duka, pamoja na mjukuu wake wa kidato cha pili. Chumba kina dirisha moja dogo, nalo linafungukia dukani. Saa tatu usiku mlango wa bati wa duka unafungwa kwa sababu ya wezi, mbu na baridi ya alfajiri, na haufunguliwi mpaka saa kumi na mbili asubuhi. Hesabu mwenyewe hewa ya humo ndani.

Jambo jingine liko chini ya sakafu. Kabla ya kumwaga jamvi, yaani sakafu ya zege, walijaza vipande vya jiwe lilelile walilolipasua. Wakati ule ilikuwa busara, maana kifusi ni cha bure na maji yanapita bila kutuama. Ila panapopita maji na hewa hupita. Jamvi linapokutana na jiwe pana ufa, sehemu nyingine kidole cha mwisho kinaingia. Masika jiwe hutoka jasho, na Mama huweka gunia pale chini likanywe maji.

Radoni ni kitu gani

Graniti huwa na urani kidogo sana, kwa kawaida sehemu tatu hadi tano katika milioni, kiasi ambacho hakuna atakayefungua mgodi kwa ajili yake. Urani hiyo huoza polepole kupitia hatua nyingi. Hatua mojawapo ni radiamu, na radiamu ikioza inazaa radoni. Ndugu zake wote wanabaki wamefungwa ndani ya jiwe. Radoni peke yake ni gesi, kwa hiyo inatoka. Haina rangi, haina harufu, haina ladha. Nje upepo unaitawanya, na hewa ya wazi huwa na bekereli 5 hadi 15 katika kila mita ya ujazo. Bekereli moja maana yake atomu moja inaoza kila sekunde. Ndani ya chumba kilichofungwa inajikusanya.

Nusu ya radoni huoza kila baada ya siku 3.8. Inapooza inaacha chembe ngumu, ya kwanza ikiwa poloniamu, ambazo hunata kwenye vumbi tunalovuta. Zikitua kwenye mapafu huoza hapohapo na kuzipiga seli za jirani kwa miale ya alfa. Wakala wa kimataifa wa utafiti wa saratani uliiweka radoni kwenye kundi la visababishi vya uhakika vya saratani mwaka 1988. Shirika la Afya Duniani linaihesabu kuwa ya pili baada ya sigara kwa kusababisha saratani ya mapafu katika nchi nyingi, kati ya asilimia 3 na 14 ya wagonjwa wote wa saratani hiyo kutegemea nchi. Mwaka 2009 shirika hilo lilipendekeza kiwango rejea cha bekereli 100 kwa mita ya ujazo, na pale isipowezekana kisivuke 300. Kila bekereli 100 zinazoongezeka kwenye wastani wa miaka mingi hupandisha hatari kwa takriban asilimia 16, na kwa mvutaji sigara mzigo huo ni mzito mara 25 kuliko kwa asiyevuta.

Marekani ilianza kulichukulia kwa uzito suala la radoni majumbani baada ya Desemba 1984, huko Pennsylvania. Mhandisi Stanley Watras alikuwa akiwasha ving'ora vya mionzi kwenye kituo cha nyuklia alikofanya kazi, na kituo chenyewe kilikuwa hakijaanza kuzalisha umeme. Mionzi alikuwa anaitoa nyumbani kwake.

Kuna la upande wa pili ambalo wauza vifaa hawalisemi. Nyumba zetu nyingi zinapumua. Dirisha ni la wavu, chini ya bati pana upenyo, mlango uko wazi mchana kutwa. Mtu wa nyumba kama hiyo akinijia na hofu ya radoni namwambia apime akitaka, ila asikose usingizi. Chumba cha Mama N. hakikuwa cha namna hiyo, na madirisha haya mapya ya aluminiamu tunayoyapenda siku hizi yanatupeleka hukohuko.

Kidude kutoka Uswidi

Mtoto wa kwanza wa Mama anaishi Uswidi. Kule kiwango rejea cha makazi ni bekereli 200, na mtu anaponunua nyumba swali la radoni huulizwa kama sisi tunavyouliza hati. Januari alimpa binamu yake kidude cheupe cha kupimia radoni, ukubwa wa sahani ya kikombe, amletee mama yake.

Mjukuu ndiye aliyekisimika, juu ya friji ya soda dukani. Siku tatu baadaye kikasoma bekereli 41. Picha ikatumwa, na jibu likarudi kwamba kiwekwe chumbani. Akakipeleka chumbani, akakitua chini kwenye kona ya jiwe, juu ya lile gunia. Kesho yake 640.

Simu ikalia usiku huohuo. "Mama, leo usilale humo." Mama akamjibu, "Nimelala humu miaka thelathini, jiwe halijanila." Kisha, mjukuu ndiye aliyenisimulia, akakaa macho mpaka alfajiri na taa ikiwaka, anakitazama kile kidude kama anayemlinda nyoka.

Kidude chenyewe hakikudanganya. Namba zote mbili zilikuwa karibu na ukweli wa pale kilipowekwa. Lakini hakuna anayelala juu ya friji, na hakuna anayelala na pua kwenye ufa.

Kosa langu

Niliitwa wiki iliyofuata. Shikamoo, marahaba, chai ya maziwa, kisha nikaoneshwa chumba. Niliona nilichozoea kuona, chumba kisicho na mzunguko wa hewa. Sikuuliza swali hata moja kuhusu hewa mpya itaingilia wapi. Nikamwelekeza fundi umeme atoboe juu ya mlango na kuweka feni ya kunyonya ya inchi sita, kama zile za chooni, itoe hewa chafu kuelekea dukani.

Siku mbili baadaye kidude, ambacho sasa kilikaa juu ya kigoda karibu na kitanda, kilisoma 810. Nikamwambia Mama kimeharibika.

Hakikuwa kimeharibika. Feni ikitoa hewa, nyingine lazima iingie kuziba nafasi. Mlango umefungwa, dirisha limefungwa. Njia nyepesi iliyobaki ni ufa wa jiwe na kile kifusi chini ya jamvi. Nilikuwa naunyonya mlima kama mtu anyonyavyo soda kwa mrija, halafu nasema chupa mbovu.

Mtu wa dakika kumi

Kabla sijajua nilichokifanya, jamaa wa familia alimleta mtu mwenye mashine ya mionzi. Rangi ya njano, inalia tik-tik. Akaipitisha ukutani, kitandani, kwenye stoo ya duka. Ikasoma maikrosiveti 0.2 kwa saa. Akaandika kwenye karatasi ya risiti kwa herufi kubwa NYUMBA SALAMA, akachukua shilingi 150,000 na kuondoka. Dakika kumi, labda kumi na mbili.

Sidhani kama alikuwa tapeli. Namba ile ni ya kawaida kabisa mbele ya ukuta wa graniti. Ila mashine ya namna hiyo hupima miale ya gama inayotoka kwenye jiwe, haipimi gesi iliyomo hewani. Ni sawa na mtu aliyekuja kupima kama paa linavuja kwa kuhesabu mabati. Mama aliifurahia karatasi ile na kuibandika dukani, pembeni ya leseni. Mtoto wake wa Uswidi hakuifurahia.

Kipimo

Hapo ndipo nilipofanya nililopaswa kulifanya Januari. Msimamizi wa mambo ya mionzi nchini ni Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, iliyoundwa kwa sheria namba 7 ya mwaka 2003. Swali langu lilikuwa rahisi: nani anafaa kupima hewa ya ndani, na kwa kifaa gani. Mtaalamu tuliyempata kwa kuulizia naye simtaji. Ni dada mtulivu, anaongea taratibu.

Saa nzima ya kwanza hakutoa kifaa. Alikaa kwenye benchi la dukani na kauntabuku yake, anauliza. Nani analala wapi. Mlango unafungwa saa ngapi. Umeme ukikatika mnafanyaje. Nani anavuta sigara humu. Sakafu ilimwagwa juu ya nini. Swali hilo la mwisho lilikuwa la kwangu, na mimi sikuliuliza.

Kisha akaomba udi. Mjukuu akaleta kijiti, akakiwasha, naye akakishika karibu na ule ufa huku feni yangu imezimwa. Moshi ukapanda wima. Akasema, "Washeni feni, fungeni mlango." Moshi ukakatika, ukapinda, ukasukumwa kuelekea ndani ya chumba kana kwamba kuna mtu nyuma ya jiwe anaupuliza. Hakunisema. Akaandika tu mstari mmoja kwenye daftari na kupiga mstari chini yake.

Kipimo alikipanga kwa hatua mbili. Kwanza mashine ya kurekodi kila saa, kwa wiki moja, siku tatu feni ikiwaka usiku na siku tatu imezimwa na tundu lake limezibwa. Hii haikuwa ya kutafuta wastani wa mwaka. Aliitaka imwoneshe gesi inaingia lini na inasukumwa na nini.

Hatua ya pili ilikuwa vigunduzi visivyotumia umeme, vikopo vidogo vya plastiki vinavyokaribia ukubwa wa kifuniko cha chupa. Ndani mna kipande cha plastiki maalumu. Kila chembe ya alfa ikikipiga inaacha mkwaruzo usioonekana kwa macho. Baada ya miezi mitatu maabara hukichovya kwenye maji ya sodiamu haidroksaidi yaliyopashwa moto, mikwaruzo inapanuka, inahesabiwa kwa hadubini. Alivitundika viwili pamoja karibu na kitanda, usawa wa kichwa cha aliyelala, mbali na ukuta na mbali na mlango. Viwili vingine vilikwenda vyumba vya wapangaji juu, kimoja kila chumba. Kimoja hakikufunguliwa kabisa kwenye pakiti yake. Kilisafiri na wenzake kwenda na kurudi ili ijulikane kama vilichafuliwa njiani.

Mama akauliza, "Sasa nifungue milango au nifunge?" Jibu lilikuwa, "Ishi kama unavyoishi siku zote, mama. Nataka kujua unavuta nini, sio unaweza kuvuta nini." Kwa vipimo vya siku mbili tatu mtaalamu huagiza nyumba ifungwe, ili hali mbaya isijifiche. Kwa miezi mitatu maisha yaendelee.

Majibu, na tulichoamua

Grafu ya wiki ile moja inasomeka kama ratiba ya duka. Mlango unafungwa saa tatu usiku, mstari unaanza kupanda. Unapanda mpaka saa kumi na moja alfajiri. Mama anafungua saa kumi na mbili, na saa mbili asubuhi mstari uko chini, unabaki chini mchana kutwa. Usiku wa bila feni kilele kilikuwa karibu 690. Usiku wa feni yangu kilifika 1,100.

Vigunduzi vya Machi hadi Mei vilirudi kutoka maabara mwezi Julai. Pacha wa chumbani walisoma 365 na 395, wastani 380. Vyumba vya juu vilisoma 48 na 57. Kile cha kwenye pakiti kilikuwa karibu na sifuri. Kwa hiyo wapangaji hawakuwa na la kuwahamisha, na Mama alikuwa juu ya 300.

Njia zilikuwa tatu. Ya kwanza, Mama ahamie juu. Hii ingekuwa ya bure kama si magoti, na kama si ukweli kwamba duka lisilo na mtu usiku halifiki asubuhi na bidhaa zake zote. Ya pili, kuziba ufa na kutoboa matundu ya hewa mbele, moja juu na moja chini. Ya tatu, bomba la kunyonya hewa kutoka chini ya jamvi na kuitoa juu ya paa kwa feni ndogo. Mtaalamu alipendelea ya tatu. Familia ilipendelea ya pili kwa ajili ya hela. Nami niliiunga mkono familia, na sababu yangu haikuwa ya kitaalamu sana. Baada ya yaliyonikuta, neno feni sikutaka kulisikia kwenye nyumba ile.

Tukang'oa feni, tukaziba tundu lake. Ufa tukaujaza kwa simenti na juu yake silikoni inayovutika, maana jiwe na jamvi havipanuki pamoja jua likiwaka. Matundu mawili yakatobolewa na kuwekewa wavu wa chuma na wa mbu. Mtaalamu alituonya kwamba kuziba peke yake hakutoshi, gesi hutafuta ufa mwingine. Tukaitikia.

Kitenge

Vigunduzi vya Agosti hadi Oktoba vilisoma 230. Mimi nilishangilia. Kutoka 380 hadi 230! Mtaalamu akanishusha kwa sentensi moja: kipimo cha kwanza kilikuwa cha masika na hiki kwa sehemu kubwa ni cha kiangazi. Ardhi ya nje ikilowa, vinyweleo vyake vinaziba, gesi inakimbilia palipo pakavu, yaani chini ya nyumba. Sehemu ya zile bekereli 150 zilizopungua ilikuwa ya mvua, haikuwa ya mkono wetu.

Na siku alipokuja kuvichukua vile vikopo aliinama kwenye tundu la chini, akaingiza mkono, akavuta kipande cha kitenge kilichokunjwa mara nne, cha bluu, kimeshika vumbi la miezi. Mjukuu akacheka, akafunika mdomo. Mama hakucheka. "Mwanangu, hapo panaingia baridi inanikamata goti. Ninyi mnapima hewa, goti halina kipimo?"

Alikuwa na haki. Tulibuni suluhisho linalomtaka mwenye magoti mabovu alale kwenye upepo, na hakuna kati yetu aliyelala mle hata usiku mmoja kabla ya kutoboa.

Ubishi wa kifamilia uliofuata ulikuwa kati ya namba mbili. Mama alisema 230 iko chini ya 300, basi yaishe. Mtoto wake alisema juu ya 100 hakubali, na mjukuu ana miaka mingi mbele. Mtaalamu hakuamua kwa niaba yao. Aliwaeleza tu kwamba namba hizo hazifanani na mpaka wa shamba, kwamba huku kuna hatari na kule hakuna. Hatari inapanda taratibu tangu chini kabisa. Mjukuu ndiye aliyebadilisha mizani, bila yeye mwenyewe kusema neno.

Bomba

Novemba tukatoboa jamvi kwenye kona, karibu na jiwe. Tulitoa kifusi ndoo mbili kuacha shimo la kukusanyia hewa, tukashusha bomba la inchi nne, tukaziba pembeni yake. Bomba linapita kona ya duka, linatoka nje, linapanda ukutani kupita madirisha ya wapangaji na kuishia juu ya paa, mbali na dirisha lolote. Feni iko nje, upande wa juu, ili bomba lote lililomo ndani liwe linanyonya. Likipasuka hewa ya duka iingie bombani, isitoke ya bombani kuingia dukani. Kifusi kile cha jiwe kilichotuletea balaa ndicho kilichorahisisha kazi, kwa sababu hewa inapita humo bila kizuizi na tundu moja lilitosha chumba kizima.

Swali la Mama lilikuwa Luku. Nyumba ya chini ina mita yake na matumizi yake hubaki ndani ya kundi la watumiaji wadogo, wasiozidi uniti 75 kwa mwezi. Feni ya kwanza tuliyopewa ilikuwa ya wati 60, uniti 43 kwa mwezi, ingemtoa kwenye kundi hilo. Tulipopima mvuto kwenye shimo tukaona ya wati 25 inatosha. Hiyo ni uniti 18.

Kwenye bomba kuna kirija kilichopinda mfano wa herufi U, ndani mna maji ya rangi. Feni ikifanya kazi, maji ya upande mmoja yanasimama juu kuliko ya upande wa pili. Yakilingana, feni imekufa. Mjukuu anayaangalia kila asubuhi akiwa amevaa sare, anatoka.

Vigunduzi vya Januari hadi Machi: 60 na 64.

Uchambuzi

Nikianza na kilichoharibika: mpangilio. Tulitibu kabla ya kupima. Feni yangu, kuitoboa, kuing'oa, kuiziba, na ile risiti ya NYUMBA SALAMA, vyote kwa pamoja viligharimu zaidi ya vigunduzi vya miezi mitatu ya kwanza. Na fedha ndiyo hasara ndogo. Kwa wiki kadhaa Mama na mtoto wa shule walilala kwenye hewa mbaya kuliko niliyoikuta, kwa ushauri wangu.

Kidude cha nyumbani nisikionee. Bila chenyewe kisa kisingeanza. Kinafaa kuamsha swali na kinafaa kufuatilia baada ya ukarabati, kikiachwa mahali pamoja kwa wiki nyingi. Hakifai kuamulia ukarabati kwa namba ya usiku mmoja. Alichotuletea mtaalamu hakikuwa kifaa ghali zaidi. Vile vikopo ni plastiki tu. Alileta pacha wa kuhakiki, kikopo kisichofunguliwa, maelezo ya maandishi ya kila kilipowekwa na tarehe, cheti cha usahihi wa mashine yake ya kurekodi, na akili ya kuuliza kuhusu jamvi. Anayetaka kumjua mpimaji wa kweli amwombe hivyo vitu kabla ya kumpa malipo ya awali. Na amwulize ni gesi anapima au ni gama.

Kilichofanikiwa zaidi, kwa maoni yangu, ni udi. Grafu iliwashawishi watoto wa Mama na mimi. Mama mwenyewe alishawishika alipouona moshi ukipinda. Tangu siku ile hakusema tena jiwe halijanila.

Kikohozi nacho kiliingia kwenye kisa hiki bila kualikwa. Mama alikuwa na kikohozi kikavu cha miezi, na familia nzima ilishakitungia sababu. Radoni haisababishi kikohozi cha leo. Madhara yake huchukua miaka mingi na hayana dalili za mapema, wala hakuna kipimo cha kawaida cha damu kitakachosema umevuta kiasi gani. Hospitalini daktari aliuliza kuhusu dawa ya presha, akaibadilisha kwa ya aina nyingine, na kikohozi kikaisha ndani ya mwezi. Nalitaja kwa sababu hofu ya mionzi ilikaribia kumficha daktari ugonjwa mdogo.

Wapangaji. Tuliwaficha tangu Januari hadi Julai, kwa sababu Mama aliogopa nyumba ingeitwa nyumba ya mionzi. Mtaani habari zilishatoka, tena zikiwa zimenona, kwamba kuna urani chini ya duka na Wazungu watakuja kuchimba. Siku majibu yalipopatikana Mama aliwaita, akawaonesha namba za vyumba vyao. Mmoja alivuta sigara. Mtaalamu alimweleza kwamba kwa yeye hata 57 inafika ikiwa na mwenzake. Hakuacha, ila siku hizi anavutia nje. Kama ningerudia, wangeambiwa siku vigunduzi vilipotundikwa vyumbani mwao. Walivilipia kodi vyumba hivyo.

Jirani wa kushoto aliuliza kama naye awe na wasiwasi. Nyumba mbili zilizogusana zinaweza kutofautiana sana, kwa sababu tofauti inaletwa na ufa, kifusi na mazoea ya kufunga mlango kuliko mlima wenyewe. Vigunduzi vyake vimetundikwa tangu Aprili, havijarudi.

Ambacho hatujakimaliza ni umeme. Feni ikizimika usiku, gesi inaanza kupanda. Wiki moja tuliirudisha mashine ya kurekodi, umeme ukakatika saa nne usiku hadi alfajiri, na kilele kikafika 310. Kwa usiku mmoja si kitu. Kwa mwezi wa mgao ni jambo jingine. Mama ana utaratibu wake: umeme ukikatika anaacha kidirisha cha dukani wazi, anajifunika blanketi la pili magotini.

Kwenye michoro yangu ya nyumba za mlimani sasa kuna duara dogo la inchi nne chini ya jamvi, kwenye kokoto, na bomba linalopanda mpaka juu ya paa likiwa halina feni, limewekewa nafasi yake tu. Wiki iliyopita fundi mmoja wa Bwiru aliishika karatasi, akaigeuza, akaniuliza, "Injinia, hili bomba la choo mbona halina choo?" Tukakaa kwenye tofali, nikaanza kumweleza kuhusu udi.